Mwani mwekundu: Zao la bahari linalofika mezani bila kutambuliwa

Wakazi wa Tarafa ya Bugarama, wilayani Rusizi, wanaujua vyema mchele unaolimwa katika bonde lao na sambaza wanaovuliwa katika Ziwa Kivu. Mwani, zao la Bahari ya Hindi iliyo umbali wa zaidi ya kilomita 1,000, si chakula chao cha kawaida. Hata hivyo, viungo vitokanavyo na mwani mwekundu vimo katika vyakula vingi vya viwandani vinavyouzwa madukani. Kwa familia inayotaka kujua inachokula, na hasa familia ya Kiislamu inayojiepusha na kila kitokanacho na nguruwe, ni muhimu kuutambua.

Mwani mwekundu ni nini?

Mwani hufanana na mmea, lakini hauna mizizi halisi, maua wala mbegu. Wataalamu huugawa katika makundi matatu makubwa: wa kijani, wa kahawia na mwekundu. Jina hilo la mwisho lisimchanganye msomaji, kwa kuwa mwani wa kundi jekundu waweza kuonekana wa kijani au wa hudhurungi ukiwa majini.

Katika kundi hilo ndimo hutoka nori, karatasi nyembamba ambazo Wajapani huzungushia wali. Humo pia hutoka jamii mbili zinazolimwa Zanzibar, yaani Eucheuma denticulatum na Kappaphycus alvarezii. Jamii nyingine, kama vile Gracilaria na Gelidium, hutoa agari, ungaunga unaogandisha vimiminika.

Matumizi ya jikoni

Watu wa Ufilipino huuchovya mwani mbichi katika maji ya moto kwa muda mfupi, kisha huutia siki, kitunguu na nyanya na kuula kama kachumbari. Nchini Ireland, aina nyingine ya mwani mwekundu huchemshwa katika maziwa hadi yawe mazito, yakachujwa na kuachwa yagande.

Mwambao wa Waswahili nao una chakula cha namna hiyo. Faluda inayoandaliwa Mombasa na miji mingine ya pwani, hasa mwezi wa Ramadhani, hugandishwa kwa agari, ambayo madukani huitwa pia "chaina grasi". Agari huchemshwa katika maji hadi iyeyuke kabisa, ikachanganywa na maziwa ya moto, sukari na iliki, kisha ikamiminwa katika sinia. Kwa kawaida gramu 5 hadi 10 za unga wa agari zatosha kugandisha lita moja.

Agari ina sifa inayofaa mahali penye joto kama Bugarama, mojawapo ya maeneo ya chini zaidi nchini Rwanda. Gelatini, ambayo hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama wakiwamo ng'ombe na nguruwe, huyeyuka hata kabla ya kufikia joto la mwili wa binadamu. Agari ikishaganda haiyeyuki mpaka ipashwe moto hadi karibu nyuzi 85. Lakini kuganda si kutoharibika: chakula chenye maziwa huchacha upesi pasipo jokofu, hata kama umbo lake halijabadilika.

Viwandani, Eucheuma na Kappaphycus hutoa karajinani, kiungo kinachofanya maziwa ya chokoleti na aiskrimu viwe vizito na laini. Kwenye vifungashio, agari huandikwa E406 na karajinani E407. Vyote viwili havitokani na mnyama. Hata hivyo, kuwapo kwa namba hizo hakumaanishi kwamba gelatini haimo, hivyo ni lazima orodha yote ya viambato isomwe.

Lishe yake

Mwani mwekundu una mafuta machache na nyuzinyuzi nyingi ambazo husaidia usagaji wa chakula. Una pia potasiamu, kalsiamu, magnesi, madini ya chuma na madini joto. Nori iliyokaushwa ina protini nyingi, ilhali mwani unaolimwa Zanzibar una kiasi kidogo zaidi, wala hauwezi kuchukua nafasi ya maharage au samaki. Aidha, karajinani kidogo iliyomo katika maziwa ya dukani haimpi mlaji lishe ya mwani wenyewe.

Madini joto ndiyo yanayougusa zaidi ukanda wa milima. Udongo wa nyanda za juu mara nyingi huwa umepoteza madini hayo kwa mvua na mmomonyoko, na upungufu wake husababisha goita na kudhoofisha ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, na 250 kwa mama mjamzito.

Wanaoulima huuza karibu wote

Kilimo cha mwani kilianza kushika mizizi Zanzibar mwaka 1989, katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja kama Paje na Jambiani. Wakulima wengi ni wanawake. Maji yanapokupwa hufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizoshikwa na vigingi, na baada ya takriban wiki sita huvuna na kuanika.

Sehemu kubwa ya zao hilo husafirishwa nje ikiwa kavu, na faida ya usindikaji hubaki huko ughaibuni. Kuongezeka kwa joto la bahari nako kumedhoofisha Kappaphycus, aina yenye bei nzuri zaidi, na wakulima wengi wamesalia na ile ya bei ya chini. Ndiyo sababu tangu mwaka 2006 mradi wa ushirika wa mwani Zanzibar umekuwa ukiwafundisha wakulima kutengeneza sabuni, unga wa mwani, keki, jamu na sharubati. Mwani unaopata mlaji nyumbani humwachia mkulima kipato kikubwa zaidi.

Tahadhari

Kiasi cha madini joto hutofautiana sana kati ya mwani na mwani, na yakizidi nayo hudhuru. Mwenye ugonjwa wa tezi la shingo amwone daktari kabla ya kula mwani mara kwa mara. Mwani uliokaushwa kwa ajili ya kiwanda usigeuzwe chakula. Ule ulioandaliwa kwa kuliwa nao uoshwe na kulowekwa ili chumvi ipungue.

Kwa Bugarama, njia ya uhakika na ya bei nafuu ya kupata madini joto ingali ni chumvi iliyowekewa madini hayo. Ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, na itiwe chunguni mapishi yanapokaribia kwisha.