Vidonge vya uyoga «unaoponyesha yote»: mambo yanayojulikana juu ya Ganoderma

Unauzwa katika vidonge, katika unga na katika vipaketi vya kahawa. Muuzaji anakuja nao nyumbani, kazini, kisha ibada, ao anatuma picha kwa WhatsApp. Orodha ya magonjwa anayotaja ni ndefu: sukari, tansio, kansa, vidonda vya tumbo, ugumba, hata SIDA. Uyoga huo unaitwa Ganoderma. Wachina wanauita lingzhi, Wajapani wanauita reishi.

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, bidhaa hizo hazipatikani sana kwenye farmasi. Zinapita kwa watu. Mtu ananunua vikopo vya kwanza kwa dola, anaandikishwa kuwa memba, kisha anatafuta wengine wa kuandikisha chini yake, na faida inapanda kwa wale waliotangulia. Wengi wanaouza si wadanganyifu: ni walimu wasiolipwa, akina mama wajane, vijana wenye diploma bila kazi, na wao wenyewe wanakunywa wanachouza. Lakini mtu ambaye mapato yake yanategemea kikopo si mtu wa kumuuliza kama kikopo hicho kina hatari.

Uyoga wenyewe ni wa kweli, na historia yake ni ya kweli. Haufanani na uyoga ambao wakaaji wa Kivu wanaokota kwenye vichuguu wakati wa mvua na kula na ugali. Ganoderma ni ngumu kama ubao, ina rangi nyekundu ya kahawia, inang'aa kama kitu kilichopakwa vernisi, na ni chungu. Inaota kwenye mashina na magogo. Wakulima wa michikichi wanajua jamaa zake kwa ubaya, kwa sababu kuna aina za Ganoderma zinazoozesha shina la mchikichi kutoka chini. Wachina wameichemsha na kunywa maji yake kwa karne nyingi; imetajwa tayari katika kitabu chao cha zamani cha dawa, Shennong Bencao Jing.

Ndani yake kuna vitu viwili vinavyovutia watafiti. Cha kwanza ni sukari ndefu zinazoitwa beta-glukani, ambazo zinaamsha askari wa mwili. Cha pili ni triterpeni, ndizo zinazoleta uchungu. Katika maabara, vitu hivyo vimeonekana vikisukuma kinga ya mwili na kuua chembe za kansa. Muuzaji anaishia hapo, na ndipo shida inaanza. Hata maji ya javel yanaua chembe za kansa ndani ya kioo. Swali ni nini kinatokea ndani ya mgonjwa.

Juu ya kansa, jibu bora lilitolewa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya majaribio yote juu ya dawa moja na kuyapima pamoja. Katika ripoti yake ya mwaka 2016 walipata majaribio 5 tu yanayofaa, yenye wagonjwa 373. Wagonjwa waliopewa Ganoderma pamoja na kemoterapi ao miale walionekana kuitikia matibabu vizuri zaidi kuliko wale waliopata kemoterapi ao miale peke yake, na kinga yao ilipanda kidogo. Hiyo si kitu bure. Lakini uyoga peke yake haukuonyesha matokeo hayo, majaribio yenyewe yalikuwa na kasoro nyingi, na hakuna lililoonyesha kwamba mgonjwa anaishi miaka mingi zaidi. Watafiti walimalizia kwamba hakuna sababu ya kuutumia kama dawa ya kwanza ya kansa. Unaweza kufikiriwa tu kama msaada kando ya matibabu ya kawaida.

Kando ya matibabu, si mahali pake. Maneno hayo mawili ndiyo yanapotea njiani kati ya ripoti na mlango wa nyumba.

Kwa ugonjwa wa sukari, habari ni mbaya zaidi kwa wauzaji. Cochrane ilipima mwaka 2015 majaribio 5 yenye watu 398, na haikupata ushahidi kwamba Ganoderma inashusha sukari ao inalinda moyo wa mtu mwenye sukari ya aina ya pili. Mwaka uliofuata, watafiti walichapisha katika gazeti la sayansi Scientific Reports jaribio la watu 84 wenye sukari ya aina hiyo. Kwa wiki 16 wamoja walikunywa uyoga, wengine vidonge vya bure vyenye sura ileile. Mwishoni sukari yao haikutofautiana.

Mtu anayeacha metformini ao insulini kwa sababu ya vidonge hivi anaacha kitu kinachofanya kazi na kuchukua kitu ambacho kimepimwa na hakikufanya. Sukari iliyopanda haiumi siku za kwanza. Mgonjwa anajisikia sawa, anamshukuru muuzaji, anatoa ushuhuda. Inakuja kuonekana kwa kidonda cha mguu kisichopona, kwa macho yanayofifia, ao kwa figo. Tansio ni vilevile: inapanda kimya. Na mwenye virusi vya SIDA anayeacha dawa zake anawapa virusi nafasi ya kuongezeka tena.

Kuna kichekesho kidogo katika kahawa ya Ganoderma. Kivu inalima Arabika nzuri na kuiuza inje. Kisha mkaaji wa Bukavu analipa dola kwa kahawa ya kipaketi iliyotoka mbali, iliyochanganywa na uyoga. Vingi vya vipaketi hivyo vina sukari na unga wa maziwa ndani, na vinauzwa pia kwa watu wenye ugonjwa wa sukari. Kipimo nacho ni swali. Kitabu cha serkali ya China cha dawa kinataja gramu 6 mpaka 12 za uyoga mkavu kwa siku. Kikopo chenye vidonge vya miligramu 500 za unga kingehitaji vidonge 12 kwa siku kufikia kipimo cha chini. Wauzaji wanaopendekeza viwili asubuhi na viwili jioni hawafikii hapo, na wangefikia, kikopo kingemalizika haraka sana na mnunuzi angekimbia.

Kwa watu wengi wazima, uyoga huu hauleti shida kubwa: tumbo kuchafuka, kichefuchefu, mdomo kukauka, usingizi kukosa. Hatari ya kweli iko kwa maini. Mwaka 2004, waganga wa Hong Kong waliripoti mgonjwa ambaye maini yake yaliumizwa na bidhaa ya lingzhi. Mwaka 2007, wa Thailand waliripoti kifo cha mgonjwa ambaye maini yake yalizimika. Katika visa hivyo viwili, kilichotajwa ni unga wa uyoga, si maji ya uyoga uliochemshwa kwa desturi ya zamani. Visa ni vichache, lakini katika inchi kama Kongo, ambako watu wengi wanaishi na virusi vya hepatiti B bila kujua, maini yaliyokwisha kuchoka hayahitaji mzigo mwingine.

Hatari ya pili ni kukutana na dawa zingine. Ganoderma inaweza kufanya damu isigande vizuri. Anayekunywa warfarini, ao aspirini kila siku kwa ajili ya moyo, anaweza kutoka damu kwa urahisi zaidi. Anayengojea kupasuliwa anashauriwa kuuacha wiki mbili mbele, na mganga anapashwa kuambiwa. Unaweza pia kuongeza nguvu ya dawa za tansio na za sukari, mtu akaanguka kwa kizunguzungu. Kwa mama mjamzito ao anayenyonyesha hakuna utafiti wa kutosha; afazali auache.

Kisha kuna jambo ambalo wauzaji wengi wanafundishwa kusema: ukiharisha, ukiwashwa mwili, ukichoka, ni sumu zinazotoka, endelea, tena ongeza. Fundisho hilo ndilo baya kuliko uyoga wenyewe. Mwili kuwashwa, uchovu mkubwa, mkojo mweusi kama chai na macho ya manjano ni alama za maini yanayoumia, na mtu anayeambiwa aongeze kipimo wakati huo anasukumwa shimoni.

Na ndani ya kikopo, je, ni Ganoderma kweli? Mwaka 2017, watafiti walipima bidhaa 19 zilizonunuliwa Marekani zenye jina la Ganoderma lucidum kwenye etiketi. Ni 5 tu zilizolingana na uyoga halisi. Hiyo ni Marekani, ambako pia bidhaa za namna hii zinauzwa bila serkali kuhakikisha kwanza kama zinaponyesha. Etiketi za Kichina tupu zinazopatikana kwetu haziwezi kutegemewa zaidi.

Katika Kongo, mamlaka inayosimamia dawa ni ACOREP, na dawa inapashwa kupata ruhusa yake ya kuingia sokoni, ile inayoitwa AMM, mbele ya kuuzwa. Bidhaa nyingi za uyoga zinajitambulisha kama chakula cha kuongeza nguvu, si dawa, ndipo kwenye kikopo maneno ni ya upole na mdomoni mwa muuzaji ni kansa na SIDA. Mnunuzi ana haki ya kuomba namba ya AMM ya kitu chochote anachoambiwa kinaponyesha ugonjwa. Muuzaji akijibu kwamba ni chakula tu, basi auze kama chakula. Tangu benki zilipofungwa Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, feza ni ngumu kupata, na bei ya kikopo kimoja inaweza kulinganishwa na bei ya dawa za tansio za mwezi katika kituo cha afya.

Anayekwisha kunywa vidonge hivi na kuona macho yake yakigeuka manjano aache siku hiyohiyo, aende hospitali na kikopo chenyewe mkononi, aombe kupimwa damu kwa transaminazi na bilirubini. Na aeleze anakunywa nini, hata kama aliyemuuzia ni dada yake.