Matembezi ya asubuhi mtoni na siri ambayo mtoto hasemi nyumbani

KUNAPOPAMBAZUKA kando ya Mto Wami, kina mama hushuka na ndoo, wavuvi hukagua nyavu zao na wakulima huelekea kwenye bustani za mboga. Nyuma ya mzazi, mara nyingi, kuna mtoto aliyebeba kidumu.

Wilaya ya Bagamoyo, kuanzia Ubena Zomozi kwenye barabara kuu ya Morogoro hadi ufukweni mwa Bahari ya Hindi, ina mito miwili mikubwa, Wami na Ruvu. Mtoto anayekulia jirani na mto huoga humo, hucheza humo na hutumwa maji humo.

Nyumbani mtoto huona haya kusema mambo ya mwili wake. Njiani ni tofauti. Mzazi yuko mbele, mtoto nyuma, hakuna anayemkazia mwenzake macho. Hapo maneno hutoka.

Moja ya maneno yanayopaswa kutoka ni hili: anakojoa damu.

Hiyo ni dalili ya kichocho cha mkojo, ugonjwa unaofahamika sana ukanda wa pwani. Wapo wavulana wanaodhani ni ishara ya kukua. Msichana naye anaweza kuogopa kushukiwa jambo ambalo hakulifanya. Wote hunyamaza, na ugonjwa unaendelea. Usipotibiwa, unaweza kuharibu kibofu na figo, na kwa wasichana huweza kuacha vidonda ukeni na kwenye mlango wa kizazi.

Chanzo chake ni minyoo. Mgonjwa akikojoa majini, mayai huanguliwa na vijidudu huingia ndani ya konokono wanaopenda maji yaliyotulia: vidimbwi, mifereji na kingo zenye majani. Baadaye konokono hao hutoa vijidudu vingine vinavyopenya kwenye ngozi. Si lazima mtoto anywe maji hayo; kuingiza miguu tu kunatosha.

Vijidudu hivyo hutoka kwa wingi zaidi jua linapopanda kuelekea adhuhuri, saa zile zile watoto wanapokimbilia kuogelea. Hivyo kuteka maji asubuhi kunapunguza hatari, ingawa hakuiondoi.

Habari njema ni kwamba kichocho kinatibika. Vidonge vya prazikwanteli hutolewa kulingana na uzito wa mgonjwa, na shuleni watoto hupimwa urefu. Hata hivyo, dawa huua minyoo iliyopo tu. Mtoto akirudi kwenye dimbwi lile lile, anaambukizwa upya.

Nyumbani, maji ya kuogea yachemshwe, au yakae siku mbili kamili kwenye chombo kilichofunikwa ili vijidudu vife. Ya kunywa yachemshwe kila mara. Choo kitumike na kila mmoja, hata wakati wa kazi za shamba. Na mtoto asitangulie mtoni peke yake, kwani Wami ina mamba na viboko.

Kesho asubuhi, mzazi, punguza mwendo kidogo. Muulize kwa sauti ya kawaida, kama unayeuliza habari za shule: "Mwanangu, ukikojoa unasikia maumivu? Mkojo una rangi gani?"

Akijibu, usimgombeze. Mshukuru, kisha mwende naye zahanati.