Sange wa Udzungwa, mwenyeji wa kale wa Afrika

Ukisimama kwenye mashamba ya mpunga ya Mngeta, unatazama historia mbili za wanyama. Bondeni, kwenye nyasi zinazofunikwa na mafuriko ya mto Kilombero, anaishi sheshe, aina ya swala. Juu, kwenye misitu ya milima ya Udzungwa, anaishi sange uso-kijivu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga. Ukoo wa sheshe ulihamia Afrika. Ukoo wa sange ulianzia hapa.

Afrika ilikuwa kisiwa. Iliachana na Amerika Kusini takriban miaka milioni 100 iliyopita, ikakaa peke yake hadi ilipoungana na Asia miaka kati ya milioni 20 na 25 iliyopita. Katika upweke huo lilistawi kundi ambalo wanasayansi walilipa jina la Afrotheria mwaka 1998: tembo, pimbi, nguva, muhanga na sange. Kwa sura hawafanani hata kidogo. Undugu wao ulifichuliwa na vinasaba. Nchi zilipoungana, mababu wa swala, nyati na simba wakaingia.

Ushahidi umo ardhini. Rusinga, kisiwa cha Kenya ndani ya Ziwa Victoria, zamani ilikuwa nchi kavu chini ya volkano ya Kisingiri. Majivu yake yalifukia wanyama takriban miaka milioni 18 iliyopita na kuhifadhi mifupa yao. Hapo ndipo Mary Leakey alipopata fuvu la nyani mkubwa wa kale, aliyeitwa Proconsul, mwaka 1948. Hapo pia yamepatikana mabaki ya sange wa kale, jamaa wa sange wa Udzungwa. Kwetu Tanzania, bonde la Rukwa limetoa mabaki ya sange wa kale zaidi, wa miaka milioni 25 hivi.

Ajabu ni kwamba ukoo huo ungali hai katika milima ya Udzungwa. Kamera iliyotegwa msituni ilimnasa sange uso-kijivu mwaka 2005. Mwaka 2008 mtafiti Francesco Rovero na wenzake wakamtangaza kuwa spishi mpya. Ana uzito wa gramu 700 hivi, mkubwa kuliko sange wote, na anajulikana katika misitu miwili tu: Ndundulu-Luhomero na Mwanihana.

Mnyama wa aina hii hana pa kukimbilia. Moto ukipanda kutoka mashambani, au miti ikikatwa, misitu yake inamegeka, na hakuna mingine duniani ya kumpokea. Misitu hiyohiyo ndiyo inayotunza maji ya mito inayoshuka kunywesha mpunga wetu.

Serikali za vijiji zisimamie moto wakati wa kuandaa mashamba, na shule za Kilombero ziwafundishe watoto jina la sange pamoja na la tembo, nduguye. Ukoo uliodumu mamilioni ya miaka usije ukaishia mikononi mwetu.