TUFANYE NINI DINI YETU INAPOKASHIFIWA?



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, wanafunzi wetu hutuuliza mara kwa mara: mtu akiikashifu dini yetu, au akimchora Mtume wetu kwa dhihaka, je, tunyamaze? Na tukinyamaza, si ndio udhaifu wa imani? Swali hili ni la haki. Tutalijibu kwa kuanza na kisa kilichotokea hapa hapa nchini.

YALIYOTOKEA MBAGALA

Mwezi Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, watoto wawili, mmoja Muislamu na mwenzake Mkristo, walibishana kuhusu msahafu. Kwa mujibu wa habari zilizotangazwa wakati ule, ubishi ulikuwa kwamba mwenye kuukojolea msahafu atageuka nyoka au atapata wazimu. Yule mtoto wa Kikristo, mwenye umri wa miaka 12 hivi, akataka kuhakikisha, akaukojolea.

Habari zikaenea, mtoto akawekwa mikononi mwa polisi. Ijumaa ya tarehe 12 Oktoba kundi la watu lilikwenda kituo cha polisi kutaka likabidhiwe mtoto huyo. Polisi wakakataa. Fujo zikazuka, makanisa kadhaa yakavamiwa na mengine yakachomwa moto, magari yakaharibiwa, na zaidi ya watu 100 wakakamatwa. Rais wa wakati ule, Jakaya Kikwete, alifika Mbagala kujionea uharibifu na kuwataka wananchi watulie.

Hapana Muislamu ambaye kitendo kile hakikumuuma. Lakini tujiulize: waliokuwa wakiswali katika makanisa yale walikosa nini? Hawakumtuma mtoto yule, na wengi wao hata hawakumjua. Qur'an inatufundisha kuwa hakuna nafsi itakayobebeshwa dhambi ya nafsi nyingine. Na katika Suratul-Hajj, aya ya 40, nyumba za ibada za Mayahudi na Wakristo zimetajwa pamoja na misikiti miongoni mwa mahali ambapo Allah huzikinga zisibomolewe. Basi mwenye kuchoma kanisa kwa ajili ya kuitetea Qur'an amekwenda kinyume na Qur'an hiyo hiyo.

Liko na funzo la pili, na hili ni lenu hasa wanafunzi. Msahafu si hirizi, wala si kitu cha kuwekeana dau. Qur'an haikuteremshwa ili igeuze watu nyoka. Imeteremshwa ili iongoze. Mwanafunzi akiulizwa na mwenzake wa dini nyingine shuleni, amweleze alichofundishwa, na asichokijua aseme hakijui. Asibuni miujiza kisha akaipa changamoto.

BEDUI MSIKITINI

Imepokewa katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim kwamba bedui mmoja aliingia katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) Madina, akasimama akakojoa humo humo. Maswahaba wakainuka kumkabili. Mtume akawazuia, akaamrisha aachwe mpaka amalize. Kisha akaagiza ndoo ya maji imwagwe mahali pale, na akawakumbusha Maswahaba kuwa wametumwa kufanya mambo kuwa mepesi, si mazito. Halafu akamfundisha yule bedui kwa upole kwamba misikiti ni ya kumtaja Allah, kuswali na kusoma Qur'an.

Atasema mtu: bedui yule hakukusudia dharau. Ni kweli. Lakini hata mtoto hana kalamu ya dhambi mpaka abaleghe, kama alivyotufundisha Mtume. Na vipi wale waliokusudia? Makka walimwita mwendawazimu, mchawi na mshairi. Walimwekea matumbo ya ngamia mgongoni akiwa katika sijda. Taif walimpiga mawe mpaka akatoka damu, na alipoletewa malaika wa milima ili awaangamize wabaya wake, alikataa, akitaraji kuwa katika vizazi vyao watatoka watakaomwabudu Allah. Huyo ndiye tunayedai kumtetea. Haiwezekani kumtetea kwa njia aliyoikataa mwenyewe.

Ama kuhusu adhabu, wanazuoni wa fiqhi wamezieleza kuwa ni jambo la mwenye mamlaka na kadhi, baada ya ushahidi. Si jambo la kundi la watu njiani.

KATUNI ZA DENMARK NA UFARANSA

Tarehe 30 Septemba 2005, gazeti la Jyllands-Posten la Denmark lilichapisha katuni 12 za kumdhihaki Mtume (S.A.W.). Waislamu duniani walikasirika. Wako waliotumia njia ya amani: katika nchi za Ghuba wateja waliacha kununua bidhaa za Denmark, na kampuni ya maziwa ya Arla ikapata hasara kubwa. Januari 2006 gazeti lile likaomba radhi kwa kuwaumiza Waislamu, ingawa halikukubali kuwa lilikosa kuzichapisha.

Wako pia waliotumia fujo. Mjini Maiduguri, Nigeria, Februari 2006, makanisa yalichomwa na watu zaidi ya 10 wakauawa. Waliouawa hawakuchora katuni yoyote.

Mwaka 2015, mjini Paris, watu wenye silaha walivamia gazeti la Charlie Hebdo na kuua watu 12. Mmoja wao alikuwa askari polisi Muislamu. Gazeti lile lilikuwa likichapa nakala kama 60,000. Toleo lililofuata lilichapwa kwa mamilioni, nalo likiwa na katuni. Je, aliyemwaga damu ile aliizima dhihaka au aliieneza?

Denmark yenyewe, mwezi Desemba 2023, bunge lake lilipitisha sheria ya kuzuia kuchoma na kudhalilisha hadharani vitabu vitakatifu. Jambo hilo lilipatikana kwa hoja bungeni.

SHERIA YETU INASEMAJE?

Katiba ya Tanzania, ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni, na ibara ya 19 uhuru wa dini. Ibara ya 30 inasema uhuru huo usitumiwe kuvunja haki za wengine. Kanuni ya Adhabu nayo, kifungu cha 125, inakataza kunajisi nyumba ya ibada au kitu kitakatifu kwa nia ya kuitusi dini, na kifungu cha 129 kinakataza maneno yenye nia ya kuumiza hisia za kidini za mtu.

Sheria hiyo inatuhusu na sisi. Tukitaka Mtume wetu aheshimiwe, na sisi tusiwadhihaki wenzetu katika yale wanayoyatukuza. Suratul-An'aam, aya ya 108, imekataza jambo hilo ili nao wasije wakamtukana Allah kwa kutojua.

MWENENDO UNAOFAA

1. Kuhakikisha habari kwanza, kama tulivyoamrishwa katika Suratul-Hujuraat, aya ya 6. Ujumbe wa simu si ushahidi.
2. Kuondoka penye dhihaka, na kutousambaza mchoro wala video. Suratun-Nisaa, aya ya 140, imetuelekeza tusikae na wanaozifanyia mzaha aya za Allah.
3. Kumweleza mkosaji kwa hekima, au wazazi wake akiwa mtoto.
4. Jambo likizidi, kulipeleka kwa imamu na viongozi wa BAKWATA, na kama limevunja sheria, polisi na mahakamani.
5. Kujibu kwa elimu. Anayeijua sira ya Mtume ana jibu. Asiyeijua ana hasira tu.

Wazazi wetu, hapa Utemini na Singida kwa jumla, nyumba nyingi zina ndugu wa dini mbili. Tunaalikana sikukuu, tunazikana, watoto wetu wanakaa dawati moja. Mtoto huyasema barabarani aliyoyasikia nyumbani. Basi tuchunge ndimi zetu mbele yao.

Kunyamaza kwa woga ni udhaifu, lakini subira pamoja na hoja si udhaifu. Allah atujaalie kumpenda Mtume wake kwa kufuata mwenendo wake. Aamin.

Wabillahi tawfiq.