PCOS: Hakuna Cha Kusafisha

Tangazo limebandikwa kwenye nguzo ya umeme, au limerushwa kwenye kundi la WhatsApp usiku watu wakiwa wameshalala: dawa ya asili ya kusafisha kizazi, kuyeyusha vivimbe kwenye mayai, kuzibua mirija na kurudisha hedhi. Dozi ni chupa tatu. Chini yake kuna ushuhuda wa mwanamke aliyekaa miaka bila mtoto, akanywa, akashika mimba.

Sina ugomvi na mimea. Metformini, kidonge ambacho hospitali huwapa wagonjwa wa kisukari na wanawake wengi wenye PCOS (ugonjwa wa ovari zenye vijifuko vingi), kina ukoo na galega, mmea uliotumika kama dawa Ulaya kwa karne nyingi. Ugomvi wangu ni na neno kusafisha. Kinachomsumbua mwanamke mwenye PCOS si uchafu, wala hana kitu tumboni kinachosubiri kuyeyushwa. Mtu akilielewa hilo vizuri, atajua mwenyewe ni tiba ipi ya asili inayostahili jasho lake na ipi inastahili kuachwa kwenye nguzo.

Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika habari za wanawake saba waliokuwa na ovari kubwa zenye vijifuko vingi na hedhi zilizopotea au kuvurugika. Vijifuko hivyo ndivyo vinavyoitwa vivimbe mitaani. Ukweli ni kwamba kila kimoja kimebeba yai changa. Kila mwezi mayai kadhaa huanza kukua, moja likayatangulia mengine, likapevuka na kutoka, na yaliyobaki yakanyauka. Kwa mwenye PCOS mara nyingi hakuna linalotangulia. Yanaanza, yanasimama njiani, na kwenye ultrasaundi yanaonekana yamejipanga pembezoni mwa ovari. Anayekuahidi kuyayeyusha anakuahidi kuyayeyusha mayai yako.

Ndiyo maana picha ya ultrasaundi peke yake haitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa. Vigezo vilivyokubaliwa Rotterdam mwaka 2003 vinataka mambo mawili kati ya matatu: hedhi inayoruka au kupotea, homoni za kiume kuzidi, iwe kwenye kipimo cha damu au kwa ndevu na chunusi, na ovari zenye vijifuko vingi. Kabla ya hapo daktari apime tezi ya shingo na homoni ya prolaktini, maana nazo zikiharibika hedhi hupotea vilevile. Kwa msichana ambaye hajatimiza miaka minane tangu avunje ungo, ultrasaundi haitumiki kabisa kuamua, kwa kuwa ovari za umri huo huwa na vijifuko vingi kwa kawaida yake. Mabinti wengi wanatembea na jina la ugonjwa wasio nao kwa sababu hiyo.

Sasa tuje kwenye kiini. Kwa wanawake wengi wenye PCOS, shida kubwa inaanzia kwenye insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho kuingiza sukari ndani ya seli. Seli za misuli na ini zinakuwa kama mwenyeji aliyechoka kusikia hodi: kongosho linalazimika kubisha kwa nguvu zaidi, na insulini inapanda kwenye damu hata kama kipimo cha sukari bado kinasoma vizuri. Ovari, kwa bahati mbaya, haijachoka kusikia. Inapopokea insulini nyingi inatengeneza testosteroni zaidi. Ini nalo, likizidiwa na insulini hiyohiyo, linapunguza protini ambayo kazi yake ni kuishika testosteroni isizurure. Matokeo yake ni ndevu kidevuni, chunusi za taya zisizokoma, nywele kupungua utosini, na mayai yanayokwama njiani.

Dalili moja ya insulini iliyozidi huonekana kwa macho. Ngozi ya nyuma ya shingo, ya kwapani na ya chini ya matiti inakuwa nyeusi, nene, laini kama mahameli. Nimeshaona shingo zilizochubuka kwa kusuguliwa na dodoki, mama akiamini binti yake haogi vizuri na ile ni nongo. Haitoki kwa sabuni wala kwa krimu. Insulini ikishuka, ngozi hufifia taratibu kwa miezi, na hiyo ni mizani ninayoiamini kuliko mizani ya kilo. Tena wapo wanawake wembamba wenye PCOS, na baadhi yao wana tatizo hilihili la insulini. Kumwambia mwanamke wa kilo 54 kwamba dawa yake ni kupunguza mwili ni kumfukuza kistaarabu.

Mbona basi chupa tatu zinafanya kazi? Swali hili naulizwa kila mara, na linastahili jibu la heshima, kwa sababu wanaotoa ushuhuda wengi hawadanganyi. Ovari za PCOS hazijafa. Zinapevusha mayai, ila kwa kuruka na bila ratiba. Mfikirie mwanamke anayepata hedhi mara tano kwa mwaka. Atainunua chupa lini? Hawezi kuinunua wiki hedhi ilipotoka. Atainunua mwezi wa tatu bila damu, wasiwasi umemzidi na mama mkwe ameanza kuuliza. Yaani anainunua siku ambazo hedhi ilikuwa tayari inakaribia kuja yenyewe. Ikija, sifa inakwenda kwenye chupa. Akiwa na bahati yai likapevuka katika miezi hiyo na mbegu ikalikuta, mtoto naye anahesabiwa ni wa chupa. Waliokunywa chupa kumi bila kupata kitu hawapigwi picha.

Kuna la pili. Soma masharti ya wauzaji walio makini kidogo: usinywe soda, acha chipsi, punguza ngano, tembea kila siku. Mwanamke anayafuata kwa miezi miwili kwa sababu amelipia, na huenda masharti hayo ndiyo yaliyomtibu. La tatu, damu kutoka si lazima iwe na maana kwamba yai limepevuka. Ukuta wa ndani wa mji wa mimba ukishakuwa mnene kupita kiasi huanza kumomonyoka wenyewe, na damu hiyo hudanganya wengi kwamba mambo yamenyooka.

Kwa hiyo tiba ya asili ipo, nayo ni chakula na mwendo, tena ndiyo inayotangulia hata kwenye mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 uliosimamiwa na Chuo Kikuu cha Monash, Australia. Mwongozo huo unasema hakuna mlo mmoja ulioonekana kuushinda mwingine. Si ketojeniki, si wa kuacha maziwa, si wa kufunga kula. Kwa mwenye uzito mkubwa, hata kupunguza asilimia 5 tu kunaweza kuamsha hedhi. Kwa mtu wa kilo 80 hizo ni kilo 4, si zile 25 alizotajiwa na shangazi zake kwenye harusi.

Chukua siku ya kawaida ya karani wa Dar es Salaam. Asubuhi chai ya vijiko vitatu vya sukari na maandazi mawili. Saa nne soda ya chupa, ambayo ile ya mililita 350 inabeba sukari karibu vijiko tisa vya chai. Mchana kilima cha wali, maharage kijiko kimoja, kipande cha nyama, na kachumbari ya kupamba. Jioni juisi ya miwa njiani, kisha ugali wa sembe na mchuzi. Kongosho halijapumzika tangu alfajiri.

Simwambii aache wali. Namwambia ageuze sahani: mchicha, matembele au kabichi vichukue nusu, maharage au samaki robo, wali robo. Chai ibaki, sukari ishuke mpaka kijiko kimoja halafu isahaulike, na andazi lipishe yai la kuchemsha na kipande cha kiazi kitamu. Ugali uwe wa dona. Tunda liliwe, lisinywewe. Soda iondoke kabisa. Hilo ndilo ningemwachia kama ningeruhusiwa kumpa sharti moja tu.

Maharage nayasisitiza kwa makusudi, kwa kuwa tunayadharau kama chakula cha shule ya bweni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, Kanada, walichapisha mwaka 2018 kazi iliyofuatilia wanawake wenye PCOS kwa wiki 16. Makundi yote mawili yalifanya mazoezi, lakini lililokula milo ya maharage, dengu na jamii yake lilipata nafuu zaidi kwenye insulini na lehemu. Kunde, choroko, mbaazi za nazi: vyote vipo sokoni, na ni rahisi kuliko unga wowote unaouzwa kwa jina la homoni. Kama mbaazi ni za nazi, nazi iwe ya kiasi.

Mazoezi watu huyasikia kama adhabu ya unene. Kazi yake kubwa hapa ni nyingine. Misuli inapojikunja huchota sukari kutoka kwenye damu bila kuingoja insulini, na huendelea kuisikia insulini vizuri kwa siku moja hadi mbili baadaye. Ndiyo maana Jumamosi moja ya jasho kubwa haifidii siku sita za kukaa. Mwongozo unataka angalau dakika 150 za mwendo wa kukufanya uheme kidogo kila wiki, na siku mbili zisizofuatana za kuongeza nguvu za misuli. Kushuka kituo kimoja kabla ya chako na kutembea ni mwendo. Kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na dumu la lita 5 kila mkono, mara kumi, ukapumzika, ukarudia, ni mazoezi ya nguvu, na hayahitaji ada ya gym. Kazi za nyumbani zinahesabika zikikutoa pumzi. Kupanga vyombo hakukutoi.

Usingizi uangaliwe. Anayekoroma na kuamka amechoka akapimwe, kwa sababu pumzi kukatika usingizini hutokea zaidi kwa wanawake hawa. Sonona na wasiwasi pia, na mwenye navyo asiambiwe aombe tu.

Mimea sasa. Chai ya nanaa ilijaribiwa Uingereza kwa wanawake 42, matokeo yakachapishwa mwaka 2010: vikombe viwili kwa siku kwa mwezi mmoja vilishusha testosteroni, lakini daktari alipozikagua ndevu hakuona zimepungua. Haishangazi, maana nywele zina mzunguko wa miezi na mwezi mmoja hauzitoshi. Kunywa nanaa ukipenda, badala ya chai yenye sukari. Mdalasini una majaribio madogo yenye dalili nzuri kwenye insulini, ila wa aina ya kasia una kumarini, kemikali inayoweza kuumiza ini kwa anayekula vijiko kila siku. Wa Ceylon una kidogo sana. Uwatu hushusha sukari, kwa hiyo anayemeza dawa za kisukari amwambie daktari wake, na mjamzito asiunywe kama dawa. Inositoli, unga wa dukani ambao dozi yake ya kawaida ni gramu 4 kwa siku, ina ushahidi dhaifu na madhara machache. Mwenye uwezo ajaribu, asiyenazo asikope.

Ninachokikataa bila kupepesa ni kujifukiza ukeni, vidonge vya mitishamba vya kuingiza ukeni, na mchanganyiko usio na orodha ya vilivyomo. Ovari hazifikiwi kwa njia hiyo. Kinachofikiwa ni ngozi laini inayoungua na bakteria wazuri wanaouawa. Chai za kupunguza mwili zimekutwa katika nchi mbalimbali na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa hofu ya moyo. Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa chini ya sheria ya mwaka 2002. Muulize mganga wako namba yake ya usajili. Aliyesajiliwa hachukii swali hilo.

Kuna mpaka ambao chakula na mimea havipaswi kuuvuka peke yake. Mwanamke asiyemeza vidonge vya uzazi wa mpango wala kuchoma sindano, na si mjamzito, akipitisha siku 90 bila hedhi, aende hospitali hata kama anajisikia mzima. Yai lisipopevuka, mwili hautoi projesteroni, na ukuta wa mji wa mimba unaendelea kunenepa kwa estrojeni bila wa kuuzuia. Miaka ikipita hivyo, hatari ya saratani ya ukuta huo inaongezeka. Siku chache za vidonge vya projesteroni, au vidonge vya mpango, huuangusha na kuulinda. Wengi huvikataa kwa kuwa ni vya hospitali, huku wakinywa chupa isiyo na lebo.

Anayetafuta mtoto, na miezi ya sahani na mwendo haijaleta hedhi ya kueleweka, asingoje miaka. Letrozoli ndiyo dawa ya kwanza ya kupevusha mayai kwa mwenye PCOS, ni kidonge cha siku tano, na mume naye apimwe mbegu kabla ya mke kuanza kumeza chochote. Na yule ambaye hatafuti mtoto aangalie upande wa pili. Wengi waliambiwa ni tasa wakaacha kinga. Wanapoanza kutembea na kuacha soda, yai linaweza kupevuka wiki mbili kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana, yaani mimba inaweza kuingia bila hedhi yoyote kutangulia. Kama hutaki mimba kwa sasa, anza kinga wiki ileile unayoanza mazoezi.