Kupima Kabla ya Kutibu: Homa za Nyanda za Juu za Kisii

Wazee husema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Msemo huu ni wa kweli, lakini mkulima wa Birongo ajua vema kwamba si kila wingu lipitalo juu ya michai na migomba yake huleta mvua, wala wingu halisemi mvua itakuwa ya kiasi gani. Ni vivyo hivyo kwa homa. Joto la mwili ni wingu tu. Huonyesha kwamba kuna jambo, lakini halitaji jambo lenyewe. Mzazi anayedhani kwamba kila homa ni malaria aweza kumnywesha mtoto dawa ya malaria siku tatu mfululizo, huku nimonia ikimmaliza. Basi yafaa kila mwenye nyumba ajue jinsi ugonjwa unavyopimwa, na ni kwa kadiri gani kila kipimo kinastahili kuaminiwa.

Nchi ya vilima na hesabu ya joto

Birongo ni wadi ya Nyaribari Chache katika kaunti ya Kisii, nchi ya vilima iliyo juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hapa malaria haikai kama ikaavyo kando ya Ziwa Viktoria. Katika uchunguzi wa taifa uliofanywa Kenya mwaka 2020, watoto wa miezi 6 hadi miaka 14 walipimwa damu majumbani mwao. Katika sehemu za ziwani, watoto kama 19 katika kila 100 walikutwa na vimelea vya malaria. Katika nyanda za juu zenye hatari ya milipuko, Kisii ikiwa mojawapo, alikutwa kama mtoto 1 tu katika kila 100.

Tofauti hii yatokana hasa na joto. Kimelea cha malaria kali hakina budi kukomaa ndani ya mbu kabla mbu huyo hajaweza kumwambukiza mtu, na ukomavu huo hutaka joto. Wataalamu wanayo kanuni ambayo karani yeyote aweza kuifuata kwa kalamu: chukua wastani wa joto kwa nyuzi za Selsiasi, toa 16, kisha gawanya 111 kwa hesabu iliyosalia. Jibu ni idadi ya siku. Joto likiwa nyuzi 18, kimelea hutaka siku kama 56. Likiwa nyuzi 20, siku kama 28. Na likiwa nyuzi 25, siku 12 tu. Mbu wachache sana huishi mwezi mzima. Kwa hiyo mahali penye baridi wengi hufa kabla ya kimelea kukomaa. Lakini tazama: nyuzi mbili tu zikiongezeka, kutoka 18 hadi 20, muda hupungua kwa nusu.

Hapo ndipo ilipo hatari ya nyanda za juu. Mwaka wenye joto na mvua nyingi waweza kuleta malaria ghafula kwa watu ambao miili yao haikuizoea, nayo huwashika wazee kwa watoto. Basi mkaaji wa vilima aweza kukosea kwa njia mbili: kuiita kila homa malaria, au kusema kwamba malaria haiwezi kufika kwake. Makosa yote mawili huondolewa na kipimo.

Tone la damu chini ya hadubini

Kwa karne nyingi watu waliamini kwamba ugonjwa huu waletwa na hewa mbaya ya mabwawa, na hiyo ndiyo maana ya neno lenyewe malaria katika Kitaliano. Hata kupima joto la mgonjwa kulikuwa kazi ya taabu, kwa maana kipimajoto cha zamani kilikuwa na urefu wa futi moja na kilitaka dakika 20 kutoa jibu. Mwaka 1866 daktari Mwingereza Thomas Clifford Allbutt alitengeneza kile kifupi cha inchi 6 kilichotoa jibu kwa dakika 5. Lakini kipimajoto chasema tu kwamba mwili unawaka. Hakisemi nani aliyewasha moto.

Aliyemwona kwanza mwasha moto huyo ni Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, alipotazama damu ya askari mgonjwa kwa hadubini mjini Constantine, Algeria, tarehe 6 Novemba 1880. Miaka 17 baadaye, tarehe 20 Agosti 1897, Ronald Ross alikiona kimelea ndani ya tumbo la mbu huko Secunderabad, Bara Hindi. Mwaka 1904 Gustav Giemsa wa Hamburg, Ujerumani, alieleza rangi ambayo hata leo hutumiwa kuvifanya vimelea vionekane wazi.

Kazi ya hadubini huonekana nyepesi kwa asiyeijua. Tone la damu ya kidoleni hupakwa juu ya kigae cha kioo, hukaushwa, hutiwa rangi, kisha hutazamwa likiwa limekuzwa mara 1,000. Mpimaji haruhusiwi kusema kwamba hakuna malaria mpaka ametazama sehemu zisizopungua 100 za kigae kile. Akiviona vimelea, huvihesabu sambamba na chembe nyeupe za damu. Ikiwa amehesabu vimelea 50 kwa chembe nyeupe 200, huzidisha kwa 40 na kupata 2,000, ndiyo idadi inayokadiriwa kuwamo katika milimita moja ya mchemraba ya damu. Kwa njia hiyo daktari hujua si kwamba ugonjwa upo tu, bali pia kama unapungua au unazidi baada ya dawa. Lakini kigae kichafu, rangi iliyoharibika au mpimaji mwenye haraka waweza kuipoteza kazi yote.

Kipimo cha haraka na mipaka yake

Si kila zahanati yenye hadubini na mtu wa kuitumia. Kwa sababu hiyo kilibuniwa kipimo cha haraka, kile kibao kidogo ambacho hata mhudumu wa afya wa jamii aweza kukitumia kijijini. Tone la damu hutiwa pamoja na maji ya dawa, na jibu husomwa baada ya dakika 15 hadi 20. Mstari mmoja huonyesha kwamba kipimo chenyewe ni kizima. Usipotokea, kibao hicho hakifai na lazima kitupwe. Mstari wa pili huonyesha protini itolewayo na kimelea. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila mtu anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, kwa hadubini au kwa kibao, ndipo atibiwe.

Hata hivyo kila kipimo kina mipaka yake, na mwenye busara huijua. Protini ile yaweza kubaki katika damu kwa majuma kadhaa baada ya vimelea kufa. Kwa hiyo mtu aliyetibiwa karibuni aweza kuonyesha mistari miwili naye hana malaria tena. Vimelea wakiwa wachache mno, kibao chaweza kukosa kuwaona. Tena kuna vimelea wasioitoa protini ile. Habari zao zilichapishwa kwa mara ya kwanza kutoka Peru mwaka 2010, na mwaka 2016 nchi ya Eritrea ililazimika kubadili vipimo vyake kwa ajili yao. Mambo haya si sababu ya kuvidharau vipimo. Ni sababu ya kuvikagua daima, kama vile mwenye duka anavyotakiwa mizani yake ikaguliwe.

Kipimo kikisema hakuna malaria

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wakiambiwa kwamba hakuna malaria, hukasirika, nao huenda dukani kununua dawa ile ile. La hasha! Jibu la hakuna ni jibu lenye faida, kwa maana lawaambia watafute adui mahali pengine.

Kwa mtoto mwenye kikohozi na homa, kipimo cha kwanza hakihitaji maabara. Chahitaji saa yenye mshale wa sekunde na macho ya mtu mtulivu. Mtoto akiwa ametulia, bila kulia, fulana yake hufunuliwa na pumzi zake huhesabiwa kwa dakika moja kamili. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi, au yule wa mwaka 1 hadi 5 akipumua mara 40 au zaidi, yafaa ashukiwe kuwa na nimonia na apelekwe hospitali bila kukawia. Ikiwa kifua chake kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, hatari ni kubwa zaidi.

Homa ya matumbo, ambayo wengi huiita taifodi, nayo yataka uangalifu. Kipimo cha Widal, kilichoanzishwa na Mfaransa Fernand Widal mwaka 1896, hakimtafuti kijidudu mwenyewe, bali kingamwili ambazo mwili umezitengeneza kupigana naye. Kingamwili hizo zaweza kuwa za ugonjwa wa zamani, au za ugonjwa mwingine unaofanana nao. Kwa hiyo watu wengi wameambiwa wana taifodi nao hawanayo. Ushahidi ulio bora ni kuiotesha damu ya mgonjwa maabarani, mpaka kijidudu chenyewe kionekane.

Kuipima nchi nzima

Kama mtu mmoja apimwavyo, ndivyo na nchi iwezavyo kupimwa. Katika kila zahanati kuna daftari la wagonjwa. Karani aweza kuchukua hesabu za mwezi wa Juni kwa miaka mitano iliyopita, akazipanga kutoka ndogo hadi kubwa, na kuichagua ile ya nne. Kwa mfano, zikiwa 12, 15, 18, 24 na 40, mpaka ni 24. Juni ya mwaka huu ikipita mpaka huo, ni wakati wa kupiga kengele.

Faida ya hesabu hizi ilionekana mwaka 2002, homa ilipozidi katika wilaya nne za wakati ule: Kisii ya Kati, Gucha, Nandi na Kericho. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la tiba la The Lancet ulizilinganisha njia za kutoa onyo. Utabiri wa msimu haukuiona ile mvua kubwa kabla haijaja. Vipimo vya mvua iliyonyesha vilitoa onyo kwa wakati. Hesabu za wagonjwa za kila mwezi hazikuwahi kupiga kengele, lakini zilifanya kazi nyingine ya maana: zilisaidia kuthibitisha kwamba katika Kisii ya Kati na Gucha mvua ilikuwa ya kawaida, na homa ile ilikuwa ongezeko la kila mwaka; bali Nandi na Kericho mvua ilipita kiasi, na huko ndiko kulikokuwa na mlipuko wa kweli. Pasipo vipimo, wilaya zote nne zingalionekana sawa, na mgawaji wa dawa asingalijua ni wapi penye haja kubwa zaidi. Ndiyo sababu hesabu za kila juma ni bora kuliko za kila mwezi, kwa maana mwezi ni muda mrefu kwa mtoto mgonjwa.

Mkulima naye ana sehemu yake. Watafiti waliochunguza Kisii wakati wa kiangazi waliwakuta viluwiluwi wa mbu wa malaria katika mashimo ya kufyatulia matofali. Shimo lililokwisha kazi na lifukiwe. Mwalimu mwenye kipimamvua shuleni na asome milimita zake kila siku saa tatu asubuhi, aziandike bila kuruka hata siku moja, kwa maana siku isiyoandikwa haiwezi kurudishwa. Karani wa zahanati na aandike kila mgonjwa aliyepimwa na jibu lake, liwe la ndiyo au la hakuna. Naye mzazi, mtoto akipata homa, ampeleke siku ile ile akapimwe, na aulize bila haya: amepimwa nini, na jibu ni lipi? Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba chenyewe ni kipimo.