MABAKI YA CHUMVI NA AFYA YA KONDOO WA SAME

Wenye mashamba ya chumvi Visiwani, wafanyabiashara wanaovusha bidhaa hiyo kwenda Bara, pamoja na watumishi wanaoshughulikia mifugo, wanaombwa kuzingatia maelezo yafuatayo.

Sehemu kubwa ya nyanda za chini za Wilaya ya Same, Mkoa wa Kilimanjaro, ni kavu, kwani Milima ya Pare huzuia mvua zitokazo baharini. Wapare na Wamasai hufuga kondoo huko. Malisho ya nchi za joto mara nyingi huwa na upungufu wa sodiamu na fosforasi, hasa wakati wa kiangazi. Ndiyo sababu mifugo huonekana ikilamba udongo. Hapo ndipo chumvi iliyochafuka, isiyofaa kwa chakula cha watu, inapoweza kupata kazi.

Hata hivyo, ni vyema ikaeleweka kuwa mabaki ya shamba la chumvi si kitu kimoja. Maji ya bahari yanapokauka, chokaa na jasi hutangulia kutuama, chumvi hufuata, na mwisho hubaki maji machungu yenye magnesiamu nyingi. Chumvi ya chini ya majaruba iliyochanganyika na tope yaweza kuoshwa kwa maji ya chumvi yaliyokolea, ikachujwa na kuanikwa upya. Maji machungu yamwagwe kando: huharisha wanyama, na chumvi iliyobaki nayo hunyonya unyevu na kulowana ghalani.

Chumvi peke yake haina fosforasi. Sharti madini hayo yaongezwe. Aidha, magadi ya Ziwa Natron yasitumiwe badala ya chumvi, kwa kuwa huwa na floridi inayoharibu meno na mifupa.

Hatari inayosahauliwa zaidi ni shaba. Kiasi ambacho ng'ombe hukihitaji na kukistahimili, kwa kondoo hujikusanya katika ini kwa wiki au miezi bila dalili yoyote. Kisha ghafla mnyama hupata macho ya manjano na mkojo wa rangi nyeusi, akafa. Kwa hiyo mchanganyiko uliotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe usipewe kondoo kamwe.

Vilevile, kondoo waliokosa chumvi kwa muda mrefu wazoeshwe kidogo kidogo, na maji ya kunywa yawepo wakati wote. Chumvi nyingi pasipo maji ni sumu.

Wauzaji wanakumbushwa kuwa biashara ya vyakula vya mifugo Tanzania Bara inasimamiwa na Sheria ya mwaka 2010 ya nyanda za malisho na vyakula vya wanyama. Kila gunia lionyeshe vilivyomo na mnyama aliyekusudiwa. Mfugaji mwenye shaka apeleke sampuli kwa Afisa Mifugo kabla kundi halijaanza kulamba.